HABARI ZA PADRE CECIL MAJALIWA NA NYUMBA YAKE KULE CHITANGALI

Tulipoombwa kuandika kurasa chache za kitabu hiki cha jubilei, tulidhani kwamba tungepewa habari za maaskofu, au za ujenzi wa makanisa. Lakini habari hizo zimekwisha kuandikwa mara nyingi, tena na watu wenye elimu kuliko sisi. Sisi ni katekista wa Chunyu, na kazi yetu kubwa ni kuingia katika nyumba za watu, kuketi juu ya mkeka, na kusikiliza maneno ya mume na mke. Kwa hiyo tumechagua kueleza habari za nyumba moja, yaani nyumba ya Padre Cecil Majaliwa na mke wake Lucy, ambao walikaa miaka kumi na mmoja mbali na Unguja walikolelewa, kwa ajili ya kuwahubiri watu wa nchi hii ya kusini.

Cecil Majaliwa alikuwa Myao kwa kuzaliwa. Alikamatwa angali mtoto, akachukuliwa mpaka Unguja, na huko akawa mtumwa. Siku zile soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa wazi bado; halikufungwa mpaka mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia mkono wake katika mapatano na Waingereza. Watoto wengi wa Wayao, Wamakua, Wanyasa na Wabisa walipita njia ile ya Kilwa, na wengi wao hatujui hata majina yao. Huyu aliokolewa, akapewa watu wa Misioni ya Vyuo Vikuu, ambao walikuwa wamehamia Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Jina lake nalo lina maana yake. Watoto waliookolewa wengi waliitwa Baraka, au Faraji, au Majaliwa, majina ya mtu aliyepewa kitu asichokitazamia. Cecil aliongezewa alipobatizwa.

Alisomeshwa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, katika chuo cha Mtakatifu Andrea. Wavulana wa Kiungani walikuwa watu wa makabila mengi, na lugha yao wote ilikuwa Kiswahili. Walisoma, waliandika, walijifunza kupiga chapa vitabu, na sala zao zilikwenda kwa kengele. Hawakuwa na mama wala mjomba wa kuwatembelea siku ya sikukuu. Chuo ndicho kilichokuwa ukoo wao. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Wasichana walilelewa mahali pengine, Mbweni, katika shamba lililonunuliwa na misioni mwaka 1871 kando ya bahari. Wengi wao walitolewa katika majahazi na manowari za Waingereza. Tangu mwaka 1877 shule yao ilisimamiwa na Bibi Caroline Thackeray, mwanamke aliyekaa Unguja hata kufa kwake mwaka 1926, na kanisa lao la Mtakatifu Yohana liliwekwa wakfu mwaka 1882. Magofu ya shule ile yapo hata leo, na aendaye Mbweni huyaona. Katika shule hiyo Lucy Magombeani alikuwa mwalimu, na mwaka 1879 aliolewa na Cecil Majaliwa. Basi yalikuwa maoano ya mwalimu na mwalimu. Kwa ndoa ya siku zile jambo hili lilikuwa jipya kabisa, kwamba mke aweza kusoma barua ya mume wake pasipo kumwita mtu wa kumsomea.

Baadaye Majaliwa alipelekwa Uingereza, akasoma katika chuo cha Mtakatifu Agostino mjini Canterbury. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1848 ili kufundisha watu wa kwenda kuhubiri katika nchi za mbali, nacho kilipokea wanafunzi wa nchi mbalimbali za ulimwengu. Hatutasema mengi juu ya Canterbury. Baridi ya Ulaya, chakula cha Ulaya, na majengo ya mawe yamesimuliwa na kila aliyekwenda huko. Ila sisi wenyewe tuliwahi kuondoka nyumbani kwenda kusoma chuo, si Ulaya, ni mwendo wa siku moja kwa gari kutoka Chunyu. Na tuliporudi baada ya muhula wa kwanza, mtoto wetu mdogo alijificha nyuma ya mama yake, akauliza mgeni huyu ataondoka lini. Tangu siku ile hatusomi habari za mtu aliyekwenda masomoni bila kujiuliza habari za nyumba yake.

Mwaka 1886 Majaliwa alipewa ushemasi na Askofu Smythies, akatumwa Chitangali, katika nchi ya sultani Nakaam wa Wayao, karibu na nchi ya juu ya Wamakonde. Lazima tueleze hali ya nchi ilivyokuwa. Miaka kumi nyuma, mwaka 1876, Askofu Steere alikuwa ametoka Unguja na msafara wa watu waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, akitaka kuwarudisha upande wa Nyasa walikotoka. Lakini walipofika Masasi waliona nchi nzuri yenye maji na majabali, wakakaa papo hapo. Hiyo ndiyo mizizi ya Ukristo wa upande huu. Walakini mwezi wa Septemba mwaka 1882 Magwangwara waliingia Masasi, wakaua watu, wakateka wengine, na mji ukavunjika. Padre Maples akahamia Newala kwa sultani Matola. Kwa hiyo mtu aliyepelekwa bara mwaka 1886 pamoja na mke alijua vema kwamba anakwenda mahali ambapo nyumba ya Mkristo yaweza kuchomwa kwa siku moja.

Nao walitoka Unguja. Watu wa pwani wana neno kwa ile chumvi inayobaki mwilini mtu akitoka kuoga baharini, nalo ni chunyu, kama jina la kijiji chetu. Lucy alikulia mahali ambapo kila mtoto ana chunyu ngozini. Sasa alipaswa kupanda chombo mpaka bandari za kusini, na kutoka hapo kutembea kwa miguu siku nyingi, mizigo ikichukuliwa na wapagazi, mpaka nchi ambayo chumvi yenyewe ni bidhaa ya kununuliwa kwa nguo, na maji ya kunywa hutekwa mbali wakati wa kiangazi. Chakula chake kilikuwa wali, nazi na samaki. Kule ni ugali wa mtama, mbaazi, karanga na mboga za porini. Wanawake wa kwetu watafahamu upesi maana ya mabadiliko hayo, maana mwanamke hapimwi kwa Kiingereza chake bali kwa kinu na mchi. Mke wa mwalimu asiyejua kutwanga mtama wa bara alikuwa na mengi ya kujifunza kwa jirani zake kabla ya kuwafundisha neno lolote.

Tunakuja sasa kwa jambo tunaloliona kuwa kubwa katika habari hii, nalo halisemwi sana. Mapadre Waingereza wa misioni ile hawakuoa. Hawakupokea mshahara pia, ila chakula, mahali pa kulala, na fedha kidogo ya nguo. Walikuwa watu wa kujikana, na watu wa nchi waliwaheshimu kwa hayo. Lakini mzee wa Kiyao alipomwona mtu mzima mwenye ndevu hana mke wala mtoto, alishangaa tu. Hakuwa na cha kuiga hapo. Padre alipohubiri kwamba mume awe na mke mmoja, naye mwenyewe hana hata mmoja, mafundisho yalikuwa kweli, walakini hayakuwa na nyumba ya kuyaonyesha. Masasi walikuwako Wakristo waliokombolewa wenye ndoa zao, nao wametangulia. Lakini kule Chitangali, nyumba ya shemasi Majaliwa ndiyo iliyotazamwa. Watu waliona kama mume anakula pamoja na mkewe au peke yake barazani, kama anampiga, kama mke anasemaje mbele ya wageni, kama kazi ya kuni na maji ni ya nani, kama mtoto akiugua wanamwita mganga. Mahubiri ya Jumapili huchukua saa moja. Mahubiri haya ya ukuta wa udongo na ua wa mabua yalikuwa usiku na mchana.

Tena kulikuwa na shida iliyofichika. Sisi Wamwera wa Ruangwa na Nachingwea, kama Wayao, Wamakua na Wamakonde, tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa mjomba wake. Kwa Wayao, dada pamoja na watoto wao wakiwa chini ya kaka yao mkubwa huitwa mbumba, na mtu mwenye mbumba ndiye mtu mwenye heshima. Mume akioa huenda kukaa kwa watu wa mkewe. Ndoa ina wasimamizi wa pande mbili, na maneno ya mume na mke yakiharibika, wasimamizi hao hukaa chini ya mti na kuyatengeneza. Mtu asiye na mjomba, asiye na mbumba, ni nani? Katika nchi ile, mtu wa namna hiyo kwa kawaida alikuwa mtumwa, aliyenunuliwa na kukatwa mbali na ukoo wake.

Sasa fikirini. Shemasi alikuwa Myao, lakini alilelewa na chuo. Mke wake aliletwa kutoka Mbweni, naye hakufika na kaka wala mama mdogo. Mji wa mke wake ulikuwa wapi, ili mume akakae huko? Nani angesimama kuwa mjomba wa watoto? Mbele ya macho ya wazee, nyumba hii yenye kitabu na nguo nyeupe ilikuwa nyumba isiyo na mizizi. Misioni ilikuwa imewapa watu hawa uhuru, elimu na ubatizo, navyo ni vipawa vikubwa. Haikuweza kuwapa wajomba. Sisi tunaona kwamba katika kukaa kwao miaka kumi na mmoja, hili lilikuwa jaribu gumu kupita Magwangwara. Magwangwara huja siku moja wakaenda zao. Kukosa ukoo kupo kila siku, kwenye msiba, kwenye mavuno, kwenye ugomvi mdogo wa kisimani, pale jirani anapotaja wajomba zake nawe huna wa kumtaja.

Walifanyaje? Walifanya yale ambayo watu wa kanisa wamefanya tangu mwanzo, yaani walijipatia ukoo mwingine. Wadhamini wa ubatizo walihesabiwa kuwa ndugu. Waalimu waliokuja kusaidia walikaa kama wadogo wa nyumba. Wanafunzi wa shule walikula nyumbani, wakatumwa maji na kuni, wakafundishwa katekisimu jioni, wakawa watoto juu ya watoto waliozaliwa. Hata leo katika mitaa yetu nyumba ya katekista haina hesabu ya sahani, na mke wa katekista ndiye aulizwaye usiku mtu akifika na homa. Wengi hudhani desturi hii ni ya sheria za kanisa. Si ya sheria, ni ya nyumba zile za kwanza, ambazo zilihitaji watu kama vile watu walivyozihitaji.

Mambo ya nchi hayakutulia. Mwaka 1888 vita vilianza pwani, watu wakiwakataa Wadachi pamoja na Abushiri na wengine, na bandari za kusini zikawa mikononi mwa wenye vita mpaka Wadachi walipozitwaa mwezi wa Mei mwaka 1890, Kilwa kwanza, kisha Lindi, kisha Mikindani. Katika nchi ya juu Machemba naye, sultani wa Kiyao, aliwakataa Wadachi miaka mingi, hata mwaka 1899 akavuka kwenda upande wa Wareno. Msomaji na afikiri maana ya hayo kwa nyumba iliyotegemea mizigo ya pwani. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Bandari ikifungwa, hakuna nguo. Hakuna nguo, hakuna kununua chakula wala kulipa mpagazi wa barua. Mwenye nyumba wa bara hupona kwa shamba lake. Hapo jembe la mke lilikuwa na faida kama kitabu cha mume, na yamkini zaidi.

Miaka minne Majaliwa alikuwa shemasi. Aliweza kuhubiri, kufundisha na kubatiza, lakini hakuweza kuadhimisha Ushirika Mtakatifu, na Wakristo wake walipaswa kumngoja padre. Mwaka 1890 alipewa upadre, naye akawa padre wa kwanza Mwafrika katika misioni yote ya Vyuo Vikuu. Kabla yake John Swedi, mmoja wa watoto wale wa kwanza waliotolewa na Sultani Majid mwaka 1864, alikuwa amepewa ushemasi mwaka 1879. Lakini upadre ulianza kwa Majaliwa. Askofu Smythies, aliyetembea kwa miguu katika nchi hizi mpaka afya yake ikavunjika, akafa baharini mwaka 1894, aliamini kwamba Waafrika watafundishwa na Waafrika. Chitangali ilikuwa mahali pa kuijaribu imani hiyo, kwa maana hapo hapakukaa Mzungu wa kumsimamia padre kila siku. Kazi ikakua. Shule na Wakristo waliongezeka, na padre huyu akawa mtu anayejulikana katika nchi nzima ya Rovuma.

Watoto nao walikua, na hapo nyumba ikafika njia panda. Mtoto wa bara akifika umri fulani huitwa jandoni, na msichana huitwa unyagoni. Asiyekwenda huko hubaki mtoto hata awe na mvi. Hawezi kuingia katika maneno ya watu wazima, wala kuzika, wala kuoa kwa heshima. Lakini ndani ya desturi zile yalikuwamo mambo ambayo Mkristo hakuweza kuyakubali. Padre awakataze Wakristo wake, na watoto wao wachekwe? Au awaruhusu, na imani ichafuliwe? Swali hili liliwasumbua waalimu wote wa siku zile. Halikupata jibu la kutosha mpaka baadaye sana, Padre Vincent Lucas, ambaye ndiye aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alipotengeneza pamoja na wazee na mapadre Waafrika jando la Kikristo, lenye sala na baraka za kanisa. Sisi tulipita katika jando la namna hiyo, na babu yetu kabla yetu, wala hatukuona haya mbele ya mtu. Watoto waliokulia Chitangali hawakulipata. Walikuja mapema mno.

Na shule? Padre aliyefundisha watoto wa watu wote aliweza kuwapa wake kusoma na kuhesabu. Zaidi ya hayo, Kiungani na Mbweni zilikuwa ng'ambo ya bahari. Mzazi aliyesoma anajua vema kipimo cha kile anachomnyima mtoto wake. Mzazi asiyesoma hajui, na kwa hiyo analala usingizi. Katekista mwenzetu yeyote aliyewekwa kijiji cha mbali ataelewa, maana sote tumekwisha kukaa usiku na wake zetu tukihesabu fedha na kuulizana mtoto huyu tumpeleke kwa nani.

Mwaka 1897 Padre Majaliwa aliondoka Chitangali, akarudi Unguja.

Wako watakaosema kwamba alifanya vibaya, kwamba mchungaji hawaachi kondoo kwa ajili ya nyumba yake. Tumelitafakari neno hili, nasi hatukubaliani nalo. Mapadre Waingereza walikuwa na haki ya kwenda kwao kupumzika kila baada ya miaka michache, na walipougua walirudishwa Ulaya, wala hakuna aliyesema wamekimbia. Huyu alikaa miaka kumi na mmoja, na mapumziko yake yalikuwa shamba lake. Tena yeye hakuwa na kwao pa kurudi ila palepale Unguja, alipoletwa akiwa mtumwa. Kama yapo makosa, sisi tunayaona mahali pengine: yeye aliombwa kazi ya mtu asiye na mke, naye ana mke, akapewa nyumba ya mtu mwenye ukoo, naye hana ukoo. Hakuna aliyekusudia hivyo. Kanisa lilikuwa halijajua bado kuwatunza mapadre wenye watoto, kwa sababu halijawahi kuwa nao.

Walakini hasara ilikuwapo, wala haifai kuificha. Kule Chitangali alikuwa mchungaji wa nchi. Unguja kulikuwa na askofu, kanisa kuu, na mapadre wengi Wazungu, naye akawa mmoja wa wengi, chini ya macho ya wakubwa. Kwa upande wa Wakristo wa bara, walikuwa wamezoea padre anayetania kwa Kiyao, ambaye mke wake hutwanga pamoja na wake zao. Baada yake waliletewa wengine, watu wema, walakini mlango wa nyumba ile ulikuwa umefungwa. Mwaka uliofuata, 1898, Yohana Abdallah, Myao pia na mwanafunzi wa Kiungani, alipewa upadre, akaitunza kazi ya Unangu upande wa Wareno hata kufa kwake mwaka 1924. Ndiye aliyeandika kitabu cha habari za Wayao kilichopigwa chapa Zomba mwaka 1919. Kwa hiyo mstari haukukatika.

Dayosisi ya Masasi ilipozaliwa mwaka 1926, iliwakuta mapadre na waalimu Waafrika wenye wake na watoto katika mitaa mingi, na hakuna aliyeshangaa tena kumwona mke wa padre akitoka kisimani na mtungi kichwani. Siku hizi mtu akiitwa kwenda chuo cha Mtakatifu Sipriano kule Rondo, wazee wa mtaa huuliza kwanza mkewe atalima wapi, na watoto watakaa kwa nani. Hapa Chunyu tulipoondoka sisi, alisimama mzee mmoja wa kanisa, si ndugu yetu wa damu, akasema mbele ya watu kwamba tangu siku ile yeye ni mjomba wa watoto wetu. Naye akaezeka nyumba yetu masika yalipokaribia.